Katika upatu, mgeni hupewa zamu ya mwisho

Swali lenu la wiki hii, "Mgeni huacha lini kuwa mgeni?", nimelisoma nikiwa Gouyave, mji wa wavuvi ulio pwani ya magharibi ya Grenada, katika visiwa vya Karibi. Waliotangulia kujibu wameandika kutoka Muscat, Dubai na Minneapolis, kwenye Waswahili wa kutosha kujaza ukumbi wa harusi na bado wakabaki wa kusengenya waliokosa kadi. Mimi huku sina hata mmoja wa kugombana naye kwa Kiswahili, labda nipige simu nyumbani. Kwa hiyo jibu langu litapishana kidogo na yao, na litakuwa refu. Mhariri akate anapotaka.

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Mume wangu ni mzaliwa wa Gouyave. Tulikutana masomoni Uingereza, na alipoamua kurudi kwao nikamfuata. Grenada yote, pamoja na visiwa vyake vya Carriacou na Petite Martinique, ina kilomita za mraba 344 na watu laki moja na ushei; Pemba peke yake inaimeza mara mbili na nafasi inabaki. Gouyave yenyewe ni barabara moja inayofuata bahari, vichochoro vinavyopanda kilimani, makanisa, soko la samaki na kituo cha kungumanga. Ukipiga chafya mwanzo wa mji, mwisho wa mji wanakuombea afya.

Jibu langu kwa kifupi: mgeni haachi kuwa mgeni kwa kufanana na wenyeji. Nasema hivyo kwa sababu nje ya kwetu sijui mahali pengine ambapo ningefanana na watu na vitu kama hapa, na ufanano huo ulinichelewesha zaidi kuliko ulivyonisaidia.

Anzeni na hizo kungumanga. Zimechorwa hata kwenye bendera ya taifa, upande wa mlingoti. Kituo cha Gouyave ni jengo kubwa kuukuu, mali ya chama cha ushirika cha wakulima kilichoundwa 1947. Ndani mna trei za mbao zilizopangwa safu kwa safu, kungumanga zimeanikwa zikiwa bado na maganda yao, zinageuzwa-geuzwa kwa wiki sita hadi nane mpaka punje ikauke na ukitikisa uisikie ikicheza ndani. Zikishavunjwa, wanawake wanakaa kwenye viti vifupi kuchambua, huku wakizungumza bila kutazama mikono. Kisha punje zinatiwa majini. Inayozama ni nzito, ina mafuta, hiyo ndiyo ya daraja la juu, inayoelea inatengwa. Basibasi, ule wavu mwekundu unaolivika ganda, hubanduliwa kwa vidole mapema na kukaushwa mbali, kwa kuwa bei yake ni nyingine. Magunia yanapigwa chapa kwa rangi nyeusi kuonyesha yanakokwenda. Mtoto wa Pemba aliyekulia juu ya majamvi ya karafuu akiingia mle, pua inamwambia amefika kwao.

Na pua inadanganya. Kwetu mnunuzi wa karafuu ni shirika la serikali, ZSTC, na anayevusha gunia usiku kwa mashua anajua linalomngoja. Huku mnunuzi ni chama cha wakulima wenyewe: unalipwa kianzio siku unayopeleka, kisha nyongeza baadaye mzigo ukishauzwa nje. Baba mkwe anazo kadi zake za tangu ujana, kazifunga kwa mpira. Nikimweleza mambo ya Pemba anatikisa kichwa kama mtu anayesimuliwa habari za mgonjwa.

Ufanano hauishii hapo. Magari yanakwenda kushoto. Soketi za ukutani ni zile zile zenye matundu matatu ya mstatili, na pasi niliyokuja nayo kutoka Uingereza iliingia bila adapta. Basi la namba 5 linalotoka St George's kupitia Concord na Grand Roy ni daladala tupu: kondakta, muziki wa kupasua kifua, kubanana bega kwa bega, na ukitaka kushuka unagonga bodi. Chakula cha taifa, oil down, ni shelisheli lililopikwa kwa tui la nazi mpaka tui likauke na mafuta yabaki chini ya sufuria, ndani yake manjano, majani ya majimbi na matonge ya unga wa ngano. Mtu wa Pemba ahitaji kuelezwa shelisheli la nazi? Tofauti ni kwamba wao wanaweka mkia wa nguruwe wa chumvi. Jirani yangu, ambaye mji mzima humwita Tantie nami namwita hivyo hivyo, aliniuliza mara moja tu kwa nini sili. Tangu siku hiyo anapika kisufuria cha pembeni kwa samaki wa chumvi, anakibandika kwenye seredani yake ya pili, na ole wake mjukuu atakayekosea mwiko.

Sasa tazameni mtego ulipo. Grenada ina wageni wengi, ila wengi wao wako kusini ya kisiwa: wanafunzi na wahadhiri wa chuo cha udaktari pale True Blue, wenye mashua za tanga wanaojificha msimu wa vimbunga, wastaafu wa Uingereza na Kanada wenye nyumba zinazotazama Grand Anse. Hao wanajulikana kwa macho, na kwa sababu wanajulikana wanavumiliwa. Mzungu akiingia dukani bila kusalimu watu wanasema masikini, hakufundishwa. Mimi nikiingia bila kusalimu ni jeuri. Sura yangu ni ya mtu wa hapa, basi na makosa yangu yanahesabiwa kama ya mtu wa hapa. Mpaka nifungue mdomo. Hapo ndipo nyuso zinageuka na swali linakuja, "Wewe wa wapi?", na nikisema Afrika, dukani panakuwa kimya kidogo.

Ukimya huo sikuutegemea. Huku neno Afrika si jina la bara tu. Carriacou wana ngoma yao ya kale, Big Drum, na ndani yake kila ukoo una ngoma ya taifa lake: Kromanti, Igbo, Manding, Kongo, Temne, Chamba, Moko. Watu wanakwambia babu zao walikuwa taifa gani kama sisi tunavyotajiana vijiji. Tulipokwenda kwa shangazi wa mume wangu, mzee mmoja aliniuliza taifa langu. Nikamwambia Mpemba. Akafikiri sana, akanywa kilichokuwamo kwenye glasi, akasema kwa huruma ya kweli kwamba hilo hawana ngoma yake. Haki yake. Mababu zao walio wengi walichukuliwa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, wakavushwa Atlantiki. Mimi natoka bahari nyingine kabisa. Watu wananitazama kwa matumaini ya kupata ndugu aliyepotea, nami siwezi kuwapa kitu ambacho si changu kukitoa. Tena nitasema jambo ambalo huenda wengine hawatalipenda: nimeshaona Waafrika wenzangu wakija likizo huku, wakikubali kuitwa ndugu kwa siku chache, wakipiga picha na ngoma, wakaondoka. Undugu wa kuvaa na kuvua hauna faida kwa mtu.

Kuna kitu kimoja tu cha historia kinachotuunganisha kweli mimi na baba mkwe, nacho ni upepo. Nyumbani wazee husimulia kimbunga cha Aprili 1872 kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kutupitia kando sisi Wapemba, na tangu hapo karafuu ikawa Pemba. Huku wana 7 Septemba 2004, siku ya kimbunga Ivan. Kabla ya siku hiyo Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga, nyuma ya Indonesia tu. Nyumba nyingi zilibaki bila paa, na mikungumanga ilikuwa imelala mlimani kichwa chini miguu juu. Hawajamaliza kufagia, Julai 2005 kikaja kingine, Emily. Mkungumanga si mchicha. Unapanda leo, unangoja miaka, na mzee wa miaka 70 anapiga hesabu yake kimya kimya kisha anapanda kakao au hapandi kitu. Trei nyingi pale kituoni leo ni tupu. Huku miaka haitajwi kwa namba: mtoto kazaliwa kabla ya Ivan, ukuta umejengwa baada ya Ivan. Nilipomsimulia baba mkwe kwamba utajiri wa kisiwa chetu uliletwa na kimbunga kilichoikosa Pemba, alicheka mpaka akakohoa. "Basi chenu kilikuwa na adabu," akasema.

Mimi mwenyewe nimekijua kimbunga kwa Beryl, tarehe 1 Julai 2024. Kilitua Carriacou, Gouyave tulipata makucha tu, upepo, mvua na umeme kukatika. Msimu wao ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na kwa miezi hiyo mtu mzima hapangi harusi bila kutazama ramani ya hali ya hewa. Siku ya pili yake habari za Carriacou zilipoanza kufika, hakuna aliyengoja kuambiwa. Maji, maturubai, misumari, mchele, dizeli, vyote vikawa vinashuka ufukweni kwa mikono na kupakiwa. Nami nilikuwa kwenye mstari wa kupokezana madumu. Hapo nilidhani nimeshakuwa mwenyeji. Lakini kwenye janga kila mwenye mikono anatakiwa. Hata wale wa mashua za tanga walikuwapo, tena walifanya kazi kubwa.

Mara ya pili kudhani nimeshakuwa mwenyeji ni ile siku ya redio. Wazanzibari mnakumbuka matangazo ya vifo: marehemu fulani, nduguye fulani, popote walipo. Huku yapo vile vile, marefu zaidi, kwa sababu nusu ya ukoo iko Brooklyn, Toronto na London, na wote lazima watajwe. Alipofariki bibi wa mume wangu tulikaa jikoni kusikiliza, mama mkwe akihesabu kwa vidole nani kasahaulika. Mtangazaji akafika kwa wajukuu, akafika kwa wake wa wajukuu, akataja jina langu, akasema "wa Zambia". Jikoni kilio na kicheko vikachanganyika. Hadi leo kuna wavuvi wananiita Zambia, nami naitika.

Lakini hata hapo nilikuwa nimetajwa kwa ajili ya mume. Karatasi ndizo usiseme. Kwenye ofisi moja nilizungushwa kwa kibali cha ukaazi mpaka nikawajua walinzi kwa majina ya watoto wao, katika nchi ambayo tangu 2013 inauza uraia kwa wawekezaji: ukitoa zaidi ya dola laki mbili za Marekani, ukapita uchunguzi, unapata pasipoti ya Grenada bila hata kuja kuishi. Wapo basi raia ambao hawajawahi kuiona Gouyave, na nipo mimi ninayejua ni nyumba gani ina mbwa mkali. Siwalaumu, nchi ndogo inatafuta riziki. Nasema tu kwamba pasipoti haijibu swali lenu.

Linalojibu ni upatu. Huku wanauita susu, na ni upatu ule ule mnaoujua, wengine mnauita mchezo, na Wakenya watasema chama. Kundi letu ni la wanawake wanaouza vyakula Ijumaa usiku. Gouyave ina Ijumaa ya samaki: vichochoro viwili karibu na soko vinafungwa, meza zinatoka, watu wanakuja kwa mabasi kutoka St George's kula jodari wa kuchoma, fulusi, kamba, mikate ya samaki. Wanaume wa hapa wanatega jodari kwa mishipi mirefu, na walio wazuri wanasafirishwa kwa ndege kwenda Marekani. Sisi tunapika waliobaki, na waliobaki wa Gouyave ndio wateule wa pengine. Meza yangu naweka samaki wa kupaka. Wanaouliza nimepika nini nawaambia ni cha kwetu, basi. Ndiyo, Ijumaa yangu imekuwa na swala mchana na biashara ya samaki usiku. Mama yangu alipopewa habari hiyo alisema angalau ni samaki.

Kijumbe ni Tantie. Kila Ijumaa, meza zikishafungwa, kila mmoja anatoa dola mia za Karibi Mashariki (2.70 kwa dola moja ya Marekani, na kiwango hicho hakijabadilika tangu 1976), na mmoja anaondoka na donge zima. Hakuna karatasi. Daftari ni kichwa cha Tantie. Sasa anayejua upatu anajua kwamba siri yake yote imo kwenye mpangilio wa zamu. Anayepokea kwanza amekopeshwa na wenzake wote. Anayepokea mwisho amewakopesha wote. Kwa hiyo mgeni hupewa ya mwisho, popote, Wete, Kariakoo na Gouyave. Hakuna ubaya. Akikimbia, anakimbia na hasara yake mwenyewe. Nilipewa ya mwisho, duru ikaisha, ikaanza nyingine, nikapewa ya mwisho tena, na Tantie alinitazama usoni akinipa habari hiyo, yeye yule anayenipikia kisufuria cha pembeni. Kupendwa nilikuwa nimeshapendwa. Kuaminiwa pesa ni jambo jingine.

Kisha mama akaugua. Tofauti ya saa ni saba. Kwetu huku ikiwa saa sita mchana, Wete ni saa moja usiku, na simu ya dada yangu iliingia saa ambayo kule watu wamelala, nikajua kabla sijapokea. Kutoka Gouyave hadi Wete si safari ya mchezo. Ni ndege hadi London au New York, ambako mwenye pasipoti ya Tanzania anatakiwa viza hata kama anapita tu bila kuuona mji, kisha Doha au Addis Ababa, kisha Dar, kisha kivuko au kindege. Bei yake ni ya kuuza kitu. Nilikaa barazani nikihesabu na mume wangu cha kuuza ni kipi, na mashine ya boti haikuwa na mshindani.

Tantie hakuulizwa. Kwenye mji huu habari haina mlango. Jioni ile alikuja na pochi yake ya zipu, akakaa, akasema duru mpya inaanza Ijumaa na ya kwanza ni yangu, lakini kwa kuwa ndege haingoji Ijumaa, amepita kwa kila mmoja akakusanya. Akaanza kuhesabu noti mezani, za mia, na za ishirini na za kumi zenye harufu ya mafuta ya kukaangia. Nilimwambia, Tantie, mnajua ninakokwenda ni mbali. Akajibu bila kuinua macho kwamba ramani ameiona.

Fikirini maana yake kwa hesabu ya upatu. Wanawake wale walimpa donge mtu anayevuka bahari mbili kwenda kwao alikozaliwa, mwenye mama mgonjwa, asiye na hati ya nyumba wala saini popote. Mume wangu angeweza kuulizwa, ni kweli, lakini Tantie ana msimamo wake juu ya wanaume na madeni ya wake zao na nisingependa kuuandika gazetini.

Mama alipona. Nilikaa naye mpaka akaanza kulalamika chumvi, nikarudi, na Ijumaa ya kwanza nikatoa mia yangu, na iliyofuata, hadi duru ikaisha. Hakuna aliyenisifu kwa kulipa.

Mwanzo wa duru ya sasa ameingia binti mmoja kutoka Guyana, msusi, mpole, anafanya kazi kwa bidii, kapanga chumba nyuma ya kanisa. Tantie alitaja zamu moja moja mbele yetu, yule binti akawa wa mwisho, akageuka kunitazama mimi, nadhani kwa sababu alishasikia kwamba nami nilitoka mbali. Sikusema kitu. Sijamjua bado.